Jino lililotoboka laweza kuzibwa kwa rangi yake

Wakazi wengi hufika kliniki ya meno baada ya wiki kadhaa za tembe za dukani na karafuu, na neno la kwanza wanalomwambia daktari ni "ling'oe." Mara nyingi uozo huwa umeshafika kwenye mshipa wa jino, na kuziba pekee hakutoshi tena. Lingeletwa lilipoanza kuuma kwa maji baridi au chai yenye sukari, huenda lingezibwa kwa kikao kimoja.

Kwa miaka mingi tundu lilijazwa amalgamu, mchanganyiko wa zebaki, fedha na madini mengine, wenye rangi ya kijivu. Ni imara, lakini zebaki ni sumu. Mwaka 2022 nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, ambao Kenya imeuridhia, zilikubaliana isitumiwe kwa watoto wa chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa daktari aone hakuna budi. Aliye na amalgamu ya zamani isiyo na ufa hana haja ya kuitoa. Kuitoa ndiko huamsha mvuke wa zebaki.

Kijazo chenye rangi ya jino huitwa kompoziti: rezini iliyochanganywa na chembe ndogo sana za kioo. Daktari huondoa sehemu iliyooza, hupaka asidi hafifu kwa sekunde chache ili jino likwaruke, huosha na kukausha, kisha hupaka gundi. Kompoziti huwekwa tabaka kwa tabaka, kila moja yapata milimita 2, na kugandishwa kwa mwanga wa buluu. Mate yakiingia, haishiki. Ndiyo maana mgonjwa hujazwa pamba na kuombwa asifunge mdomo hata taya likichoka. Kazi hii huchukua muda, na bei yake aghalabu huwa juu. Ni vyema kuiuliza kabla ya kuketi kitini.

Kipo pia kijazo cheupe cha glasi ayonoma. Ni dhaifu kuliko kompoziti kwenye magego, ila hushikamana na jino chenyewe na kutoa floraidi kidogo kidogo. Hutumika katika njia iliyoanzia Tanzania miaka ya 1980: uozo hukwanguliwa kwa vifaa vya mkono, bila mashine wala umeme, hivyo hata shuleni mtoto anaweza kutibiwa.

Meno ya kahawia yanayoonekana sana Bonde la Ufa ni jambo jingine. Hayo husababishwa na floraidi nyingi katika maji ya visima wakati meno ya mtoto yanapoumbika, na si lazima yawe yameoza.

Kompoziti huwa imeshakauka mgonjwa anapoinuka kitini. Kinachosubiriwa kabla ya kula ni ganzi kuisha, hasa kwa watoto, ambao hujing'ata mdomo na shavu bila kuhisi.