Kurekodi Video kwa Kamera Zaidi ya Moja kwa Kutumia Kompyuta ya Nyumbani

Mwenye duka, wakala wa huduma za fedha kwa simu au katibu wa chama cha msingi cha ushirika anapofikiria kufunga kamera, swali lake la kwanza huwa ni bei. Swali hilo ni halali, lakini lipo jingine lenye uzito zaidi: siku atakapohitaji video ya Jumanne iliyopita saa mbili usiku, je, video hiyo itakuwapo, na sura ya mtu itatambulika? Makala haya yanaeleza namna kompyuta ya mezani ya kawaida, ile ambayo tayari ipo nyumbani au ofisini, inavyoweza kutunza video za kamera mbili, tatu au nne kwa wakati mmoja, pamoja na mambo yanayoikwamisha kazi hiyo.

Kwanza ieleweke kwa nini kamera moja haitoshi. Kamera iliyofungwa juu ya dari huona kofia na mabega. Iliyofungwa nje ya mlango humwona mtu akiingia, lakini haioni mkono wake ulipofika juu ya kaunta. Kwa wakala wa fedha, kamera moja inapaswa kuelekezwa kwenye kaunta mahali noti zinapohesabiwa, na nyingine ielekezwe mlangoni kwa kimo cha uso. Kwa ghala la mazao, moja itazame kioo cha mizani na nyingine itazame magunia. Mkulima akidai kuwa kilo zilizoandikwa sizo zilizopimwa, ni video hizo mbili zikisomwa pamoja ndizo zitakazojibu, na zitamlinda mkulima kadiri zitakavyomlinda karani.

Zipo njia mbili za kuunganisha kamera na kompyuta. Ya kwanza ni kamera ndogo za USB, zile zinazotumika katika mikutano ya video. Ni rahisi kufunga, na ndiyo sababu wengi huanza nazo. Lakini ndizo pia zinazowakatisha wengi tamaa. Mtu huunganisha kamera ya kwanza ikafanya kazi, ya pili ikafanya kazi, na ya tatu ikagoma kabisa. Huirudisha dukani akidai ni mbovu, kumbe ni nzima. Picha yenye pikseli 640 kwa 480, isiyobanwa, ikipigwa mara 30 kwa sekunde, huhitaji takribani megabiti 147 kila sekunde. Njia ya USB 2.0 ina uwezo wa megabiti 480 kwa sekunde kwa maandishi, na sehemu ya uwezo huo hutumika kwa shughuli nyingine za njia yenyewe. Kamera mbili hupita. Ya tatu hukosa nafasi. Ukipandisha ubora hadi pikseli 1280 kwa 720 bila kubana picha, kamera moja tu huhitaji takribani megabiti 442, yaani karibu njia nzima.

Wengine hudhani dawa ni kununua kile kifaa kinachogawa tundu moja la USB kuwa manne. Hapana. Kuongeza vilula vinne kwenye bomba lile lile hakuongezi maji. Kinachosaidia ni kuchagua kamera inayobana picha yenyewe kabla ya kuituma (kwenye mipangilio ya programu chaguo hilo huandikwa MJPEG), kupunguza idadi ya picha kutoka 30 hadi 10 kwa sekunde, ambazo kwa ulinzi wa duka zinatosha, au kuongeza ndani ya kompyuta kadi nyingine ya USB yenye njia yake. Aidha, waya wa USB 2.0 haupaswi kuzidi mita 5. Hivyo kamera hizi zinafaa chumba kimoja, si uwanja wala nyumba ya vyumba vingi.

Njia ya pili ni kamera za mtandao, na kwa maoni ya mwandishi ndiyo inayostahili fedha ya mwananchi iwapo anaanza upya. Kamera ya aina hii hubana video yenyewe kwa mfumo wa H.264 au H.265, kisha huituma kwa waya wa mtandao ambao unaweza kufika mita 100. Kamera moja yenye picha nzuri hutuma megabiti 2 hadi 4 kwa sekunde, na swichi ya kawaida ya mtandao hubeba nne za namna hiyo bila shida. Unaponunua, tazama kwenye boksi kama kamera inakubali ONVIF. Huo ni utaratibu wa pamoja ulioanzishwa mwaka 2008 ili kamera ya kampuni moja iweze kusomwa na programu ya kampuni nyingine. Kamera isiyoukubali inaweza kukufunga kwenye programu ya simu ya mtengenezaji wake peke yake, na kompyuta yako isiione kabisa.

Hapa kuna dhana moja inayopaswa kuondolewa. Kurekodi kwa kamera za mtandao hakuhitaji intaneti. Kamera, swichi na kompyuta vinazungumza vyenyewe ndani ya jengo, na bando halitumiki. Intaneti huhitajika pale tu mwenye mali anapotaka kutazama akiwa safarini.

Kuhusu programu, ZoneMinder hutolewa bure na hufanya kazi katika mfumo wa Linux. Blue Iris hulipiwa na hutumia Windows. Zote mbili hupokea kamera nyingi, hutambua mwendo na hufuta video za zamani zenyewe diski inapokaribia kujaa. OBS Studio, ambayo nayo ni ya bure, ni ya kazi nyingine: huunganisha kamera kadhaa katika picha moja na kumwezesha mtu kuhama kutoka kamera moja hadi nyingine. Inafaa sana kwa mkutano mkuu wa kijiji, mahafali au harusi. Haikutengenezwa kwa ulinzi wa usiku kucha.

Sasa tufike kwenye diski, mahali ambapo hesabu hukosewa mara nyingi. Kamera inayotuma megabiti 2 kwa sekunde hujaza takribani megabaiti 900 kwa saa, sawa na gigabaiti 21.6 kwa siku. Kamera nne hujaza gigabaiti 86.4 kwa siku. Diski ya terabaiti 1 basi itajaa baada ya siku 11 na nusu hivi. Mwenye duka anayehesabu mali mara moja kwa mwezi atagundua upungufu wakati video ya siku ya tukio imekwisha kufutwa zamani. Anapaswa ama kununua diski ya terabaiti 4, itakayomtunzia siku 46 kwa kiwango hicho, ama kuhesabu mali kila wiki. La pili halina gharama.

Kurekodi pale tu panapokuwa na mwendo hupunguza matumizi ya diski kwa kiasi kikubwa, ila kuna mitego yake. Usiku, wadudu hupita mbele ya kamera, nao huiamsha programu mara kwa mara. Tawi la mwembe likitikiswa na upepo hufanya vivyo hivyo. Kwa upande mwingine, programu iliyopunguzwa usikivu kupita kiasi huanza kurekodi mtu akiwa amekwisha kugeuza mgongo. Ni busara kaunta irekodiwe mfululizo wakati wa biashara, uwanja urekodiwe kwa mwendo, na programu ipangwe kuhifadhi pia sekunde chache kabla ya mwendo kuanza.

Umeme nao una hesabu yake. Kompyuta ya mezani inayotumia wati 80, ikiwashwa saa 24, hula uniti 1.92 kwa siku, yaani karibu uniti 58 kwa mwezi. Kaya iliyo katika kundi la matumizi madogo lenye ukomo wa uniti 75 kwa mwezi inaweza kuvuka ukomo huo kwa sababu ya kompyuta hiyo tu. Kwa kaya ya namna hiyo, kisanduku maalumu cha kurekodi, ambacho hutumia umeme mdogo zaidi, huenda kikawa nafuu baada ya muda. Umeme unapokatika, UPS huipa kompyuta dakika chache za kujizima bila kuharibu video. Katika mipangilio ya BIOS kompyuta nyingi za mezani zina chaguo la kujiwasha zenyewe umeme unaporudi. Liwashwe, na programu ipangwe kuanza yenyewe. Kompyuta iwekwe chumba kinachofungwa na kupitisha hewa, kwani mwizi anayeiona kaunta huondoka nayo pamoja na ushahidi wote.

Suala la saa ni dogo kwa kulitazama, lakini limeharibu ushahidi mwingi mzuri. Betri ndogo iliyo ndani ya kompyuta ikifa, tarehe hurudi miaka ya nyuma kila umeme unapokatika. Kamera nazo zina saa zao. Panga kamera zote zichukue saa kutoka kwenye kompyuta, na uilinganishe kompyuta na saa sahihi. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 kinaruhusu taarifa za kielektroniki kupokewa kama ushahidi, na uzito wake hupimwa kwa kuangalia namna zilivyotengenezwa, zilivyotunzwa na kama hazikubadilishwa. Kwa sababu hiyo, tukio likitokea, nakili faili la asili kwenye flashi na uliache la kwanza mahali lilipo. Usitegemee nakala iliyopita WhatsApp, maana huko video hubanwa upya na uso hupoteza alama zake.

Kamera ya mtu isitazame ua wa jirani, dirisha lake wala bafu la nje. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu na maskani yake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inagusa pia picha zinazomtambulisha mtu. Wafanyabiashara na taasisi wanashauriwa kuuliza Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kuhusu usajili, na kuweka tangazo mlangoni linaloonekana. Kusambaza video ya mtuhumiwa kwenye makundi ya mtaa kabla ya kuipeleka polisi si ulinzi. Huweza kumdhuru asiye na hatia. Nywila iliyokuja na kamera ibadilishwe siku ile ile ya kufunga.

Kwa ushauri, mwananchi anaweza kufika kwa Polisi Kata au Kitengo cha TEHAMA cha Halmashauri kabla ya kununua vifaa. Fundi akimaliza kazi, kabla ya kumlipa fedha iliyobaki, zima umeme kwenye swichi kuu, uwashe tena, subiri nusu saa bila kuigusa kompyuta, kisha mwambie akuonyeshe kwa kila kamera video ya dakika utakayoitaja wewe.