Homa mwilini na safari ndefu: damu inapokataa kuyeyuka

Sisi tunaopanda basi kutoka Kigali au Bujumbura hadi Dar es Salaam hufikiria mzigo na karatasi za forodha. Miguu ikivimba tunasema ni uchovu, na mara nyingi ni uchovu kweli. Lakini mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba kukaa kitini saa 4 au zaidi, iwe kwenye ndege, treni, basi au gari, huongeza karibu maradufu uwezekano wa damu kuganda mguuni. Hata hivyo uwezekano wenyewe ni mdogo, kama mtu 1 katika 6,000.

Ninayemhofia ni yule anayepanda basi akiwa na homa ya mapafu, au kidonda kilichotunga usaha.

Msomaji, mshipa wa damu si bomba tupu. Ndani umetandikwa safu moja ya seli zenye kazi kubwa. Damu ikiganda pasipotakiwa, seli hizo hutoa kimeng'enya kiitwacho tPA. Hiki huamsha kingine, plazmini, nacho hukata nyuzi zinazoshikilia bonge hadi liyeyuke. Hospitali kubwa huwachoma baadhi ya wagonjwa wa kiharusi tPA iliyotengenezwa kiwandani, ila ni lazima wawahi katika saa chache za mwanzo.

Sasa vijidudu vikiingia, kinga ya mwili hutoa kemikali za kupiga mbiu, na seli za mshipa hugeuka. Zinakuwa nata, zinavuta chembe nyeupe, kisha zinamwaga kitu kiitwacho PAI-1, kinachoifunga tPA isifanye kazi. Wakati huohuo damu inazidi kuganda. Wafanyabiashara mtanielewa: malori yanazidi kufika, geti limefungwa. Mwili hufanya hivyo ili kunasa vijidudu visisambae, lakini ukizidisha, huua. Mwaka 2020 madaktari walikuta mabonge madogo mengi katika mapafu ya waliofariki kwa Uviko-19.

Kwa hiyo mguu mmoja ukivimba na shavu lake kuuma, usiukande wala kuusugua, nenda hospitali. Pumzi ikikatika ghafla au ukikohoa damu, shuka hapohapo utafute msaada. Vidonge vya stendi hushusha homa, haviyeyushi bonge.

Nanyi ndugu mliorejea nyumbani, msitupe kadi za zahanati za kule mlikotoka. Kama uliwahi kupata bonge, daktari wa huku anahitaji kulijua hilo kabla hujapanda tena basi.