Hesabu ya Kuzidisha na Watu wa Tabora

Sensa ya mwaka 2012 iliukuta Mkoa wa Tabora na watu 2,291,623, na ile ya mwaka 2022 ikaukuta na watu 3,391,679. Na mtu aliyezoea hesabu za kutoa na kujumlisha atapata ongezeko la watu 110,006 kwa mwaka, kisha ataridhika kuwa ameumaizi mwendo wa mkoa ule. Naona hajaumaizi bado, kwa kuwa watu huzaliwa na watu, na umati uliokwisha kuwa mkubwa huongezeka kwa wingi kuliko ulipokuwa mdogo. Yenye insafu zaidi ni kuigawa sensa ya pili kwa ya kwanza, ipatikane 1.48, kisha kukitafuta kipeuo cha kumi cha namba hiyo, nacho ni takriban 1.04: hicho ndicho kizidisho cha kila mwaka.

Kalkulasi tuisomayo shuleni, ya Newton na Leibniz, huuliza kitu kimeongezeka kiasi gani katika nukta moja ya wakati, kisha huyakusanya maongezeko hayo kwa kujumlisha. Lakini mwaka 1887 Vito Volterra wa Italia alikwisha kuonyesha mkusanyo ufanywao kwa kuzidisha, na mwaka 1972, huko Marekani, Michael Grossman na Robert Katz wakachapisha kitabu kizima ambamo, penye kutoa, mtu aweza kugawa, na penye kujumlisha, akazidisha. Njia yake ni nyepesi kuliko idhaniwavyo: huchukuliwa logi ya kiasi, ikafanyiwa kalkulasi ya kawaida, kisha logi ikavuliwa, sharti ni kiasi kiwe zaidi ya sifuri, nalo halimsumbui mwenye kuhesabu watu.

Wala Tabora haikungoja sensa ili iwe na hesabu za kuzidisha namna hii. Misafara iliyotoka Bagamoyo hadi Kaze, ndiyo Tabora ya leo, walipofika wasafiri Waingereza Burton na Speke mnamo Novemba 1857, ilinunua posho ya wapagazi kwa majora yale yale ya merikani waliyoyabeba mabegani, hata nguo iliyosalia kila kituo ikawa fungu la ile iliyotoka kituo kilichotangulia. Na kwa kuwa mafungu hayo hayakulingana, hesabu ya kweli ya mzigo uliowasili ni kuyazidisha yote, moja baada ya jingine, na hatua zikifanywa ndogo mno, huo ndio mkusanyo wa Volterra.

Kizidisho cha Tabora nacho chaweza kubadilika, ila kikidumu, mwaka 2032 mkoa utakuwa na watu wapatao 5,019,800, ilhali kwa kujumlisha tungetaraji 4,491,735. Tafauti ni zaidi ya watu laki 5, na hao watataka madarasa, zahanati, na maji ya bomba yaletwayo kutoka Ziwa Viktoria.