Kwenda Rubondo: Uliza Boti Kwanza

Kikundi kimoja cha wahitimu wa kisomo hapa Kilosa kimeweka akiba ya mavuno kwa misimu miwili. Wanataka kwenda kuona wanyama. Si wa Mikumi. Hao wanawajua, tembo huja mpaka mashambani kwao. Wanataka kufika kisiwani Rubondo. Wameniuliza, tuanzie wapi?

Nikawajibu: anzieni mwisho wa safari. Ulizeni boti.

Rubondo ni kisiwa ndani ya Ziwa Victoria, mkoani Geita. Ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977. Basi halifiki huko. Wageni huvuka kwa boti kutoka Kasenda, karibu na Muganza, wilaya ya Chato, au kutoka Nkome. Kutoka Kasenda ni kama nusu saa tu. Kutoka Nkome ni kama saa mbili. Wapo wanaokwenda kwa ndege, lakini nauli yake ingemaliza akiba ya kikundi siku ya kwanza.

Boti huagizwa mapema kwa watu wa hifadhi. Mkifika Kasenda bila kuagiza, mtalala pale na kula akiba yenu huku mkikitazama kisiwa ng'ambo ya maji. Basi nendeni kwenye ofisi ya hifadhi hapa Mikumi, mwombe namba ya simu ya Rubondo. Ulizeni: bei ni ya boti nzima au ya kila mtu? Kama ni ya boti nzima, watu 10 watagawana vizuri, watu 2 wataumia. Ulizeni pia kiingilio cha mwananchi, maana si sawa na cha mgeni wa nje. Malipo ya serikali hufanywa kwa namba ya malipo, benki au kwa simu. Msimpe mtu fedha mkononi njiani, hata akiwa na kofia ya kazi.

Msipande mtumbwi wowote uliojaa watu kwa sababu ni rahisi. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, katika ziwa hilohilo. Watu zaidi ya 200 walikufa. Kilikuwa kimezidisha abiria. Kila mtu avae koti la kujiokolea, hata anayejua kuogelea. Tena wekeni fedha ya siku moja ya ziada. Ziwa likichafuka, boti haitoki.

Njia ya nchi kavu ni ndefu lakini si ngumu. Anayetoka Mikumi aje kwanza Kilosa. Hapa panda treni mpya mpaka Dodoma, halafu basi la Mwanza, kupitia Singida na Shinyanga. Ni safari ya kutwa. Kutoka Mwanza, tangu Juni 2025, magari hupita juu ya daraja la Kigongo na Busisi, yakaenda Geita na Chato.

Huko mtaona nini? Msitafute simba, hawapo. Simba tunao sisi. Kuna viboko, mamba, pongo, nzohe anayependa matope, na ndege wengi. Kuna pia sokwe, na habari yao ni ya ajabu. Si wenyeji wa kisiwa. Kati ya mwaka 1966 na 1969 waliletwa 17 kutoka Ulaya, walikokuwa wamefungiwa baada ya kukamatwa Afrika Magharibi. Wakaachiwa msituni, wakazaana. Lakini msitu ni mnene. Unaweza kutembea siku nzima usimwone hata mmoja, na fedha hairudi.

Mbung'o wapo. Acheni nyumbani nguo za bluu na nyeusi, zinawavuta.

Katibu wa kikundi ameyaandika maswali yote kwenye daftari. Jambo moja bado wanabishana: nani abaki kuwafukuza tembo.