Je, dawa ya homa humletea mtoto pumu?

USIKU wa baridi mtaani Elgon View, mjini Eldoret, mtoto akishikwa na homa mama hukimbilia chupa ya parasetamoli. Lakini wazazi wengine husita. Wamesikia kwamba dawa hiyo huleta pumu. Je, ni kweli?

Eldoret si mgeni katika suala hili. Miaka ya 1990 mji huu ulikuwa kituo kimojawapo cha ISAAC, uchunguzi wa kimataifa kuhusu pumu na mzio kwa watoto. Dkt Fabian Esamai na wenzake wa Chuo Kikuu cha Moi waliwachunguza wanafunzi wa shule za msingi wilayani Uasin Gishu.

Mwaka wa 2008, ISAAC ilitoa matokeo kuhusu watoto zaidi ya 200,000 wa miaka 6 na 7 katika nchi 31. Waliopewa parasetamoli kwa homa katika mwaka wao wa kwanza walionyesha dalili za pumu zaidi ya wenzao. Ndipo hofu ikaenea.

Hata hivyo, mambo mawili yakiandamana si lazima moja liwe limezaa jingine. Mtoto anayeugua kifua mara kwa mara ndiye hupewa dawa ya homa mara nyingi, na ndiye aliye katika hatari zaidi ya kupata pumu.

Mwaka wa 2016, madaktari nchini Marekani walitoa ripoti kuhusu watoto 300 wenye pumu isiyo kali. Wengine walipewa parasetamoli, wengine ibuprofeni, kila walipohitaji. Kwa wiki 48, pumu haikuzidi katika kundi lolote kuliko lingine.

Kwa hivyo usimwache mtoto ateseke. Zingatia haya:

• Parasetamoli hupimwa kwa uzani: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi mara nne kwa siku. Tumia kipimo kilichokuja na dawa, si kijiko cha jikoni. Ikizidi huharibu ini.

• Usimpe aspirini aliye chini ya miaka 16 bila agizo la daktari. Yaweza kudhuru ubongo na ini.

• Ikiwa aspirini au ibuprofeni iliwahi kumbana kifua, asipewe tena. Mweleze daktari.

• Homa ni dalili tu, hivyo apimwe malaria. Akihema kwa kasi, mbavu zikibonyea, akishindwa kunyonya au akipatwa na degedege, mkimbize hospitalini. Mtoto wa chini ya miezi miwili mwenye homa apelekwe papo hapo, hata kama ni usiku wa manane.