Mbiu Inayolia Bila Jambo

Sungura wa hadithi yangu ya leo, wajukuu zangu, hawakumdanganya fisi. Walikuwa maabarani, nchini Sweden, mwaka 1957, wamelegea hoi, hawana hata nguvu ya kusogea. Mwanasayansi Arvid Carlsson alikuwa amewapa reserpini, dawa inayomaliza kemikali fulani za ubongo. Kisha akawadunga levodopa, ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini. Haukupita muda, sungura wakainuka na kutembea! Hivyo ikaanza kujulikana kwamba dopamini ina kazi yake yenyewe ubongoni. Mwaka 2000 Carlsson alikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobel.

Kazi gani? Seli za ubongo hupashana habari kwa kemikali zinazovuka upenyo mwembamba mno baina yao. Dopamini inapomwagika, moja ya habari zake ni hii: hapa zingatia. Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, na dopamini ndiyo mbiu hiyo.

Katika saikosisi, maradhi ambayo mitaani huitwa wazimu, dopamini huzidi katika sehemu fulani ya ndani ya ubongo. Mbiu inalia, jambo hakuna. Kijana anaona gari limeegeshwa ng'ambo ya barabara, moyo unamlipuka. Mtangazaji wa redio anakohoa, naye anahisi ameitwa yeye. Akili haivumilii kukaa bila maelezo, basi inajitungia: ninafuatwa, nimerogwa, wanataka kuniua. Ukimwambia aache upuuzi humsaidii kitu, maana hofu ile anaihisi mwilini. Sauti anazosikia nazo ni hivyo hivyo. Anapozisikia, sehemu za ubongo zinazoshughulika na usemi na usikivu huwa kazini, ingawa hakuna aliyefungua kinywa. Hajifanyi. Anasikia.

Cha ajabu, dawa ilitangulia maelezo. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sainte-Anne jijini Paris, Jean Delay na Pierre Deniker waliwapa wagonjwa klopromazini. Wengi wakatulia, na sababu haikujulikana. Miaka ilipita ndipo ikabainika kwamba dawa hiyo huziba vipokezi vya dopamini. Vikizibwa kupita kiasi, mikono hutetemeka na mwili hukakamaa, kwa hiyo mgonjwa akilalamikia dawa, asikilizwe.

Dopamini peke yake haimalizi habari. Kemikali nyingine, glutamati, imo, urithi umo, na bangi huongeza hatari, hasa kwa ubongo ambao bado unakua. Tena kuna dalili za kimya, kama kujitenga na kukosa hamu ya lolote, ambazo dawa za kuziba dopamini hazizitibu vizuri.

Maradhi haya mara nyingi huanza ujanani, umri mnaoukaribia ninyi. Mwenzako akikunong'oneza kwamba anasikia sauti, usimcheke, wala usimwite kichaa. Kaa naye, mwambie mtu mzima unayemwamini, apelekwe hospitali mapema. Matibabu yakichelewa, kupona huwa kugumu zaidi.