KUOGELEA: TUJUE SHERIA MBELE YA KUINGIA MAJINI



Mwezi wa kenda unapofika na masomo kuanza, sisi wengi tunafikiri mara moja juu ya mpira wa miguu. Kuogelea tunakuona kama kitu cha kujifurahisha tu wakati jua ni kali. Lakini kwingine kuogelea ni mchezo wa shule kamili, wenye majira yake, waamuzi wake na kitabu chake cha sheria. Katika vyuo vikuu vya Marekani majira hayo yanaanza pamoja na masomo, yanamalizika mwezi wa 3 kwa mashindano makubwa ya chama kinachoitwa NCAA. Waafrika pia wamepita huko. Kirsty Coventry wa Zimbabwe aliogelea kwa Chuo Kikuu cha Auburn. Alipata medali 7 za Olimpiki, katika Athens 2004 na Beijing 2008, na mwaka wa 2025 alichaguliwa kuwa rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Jason Dunford wa Kenya, aliyesoma Stanford, alikuwa wa 5 katika fainali ya metre 100 kipepeo kule Beijing.

Watu hawa hawakuanza kwa kushinda. Walianza kwa kujua sheria. Basi tuzitazame zile kubwa, na tuulize kila moja iliwekwa juu ya nini.

1. Kuanza. Mwogeleaji anapanda juu ya kibao, anainama, anatulia kabisa, anangoja mlio. Akitangulia mbele ya mlio, ametolewa. Hakuna kurudia. Katika Sydney mwaka wa 2000, Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta aliitwa pamoja na wengine wawili kwa metre 100 mtindo huru. Wale wawili walitangulia, wakatolewa wote. Moussambani akabaki peke yake majini. Alikuwa amejifunza kuogelea kwa miezi 8 tu, katika pisini ndogo ya hoteli, na pisini ya metre 50 hakuwa ameiona. Alimaliza kwa dakika 1 na sekonde 52,72, watu wote wamesimama kumpigia makofi. Alikuwa polepole sana, lakini alishika sheria, na mbio ile ilikuwa yake.

2. Metre 15. Katika mtindo huru, mgongo na kipepeo, baada ya kuanza na baada ya kila kugeuka, kichwa lazima kitokee juu ya maji mbele ya kupita metre 15. Sheria hii iko na historia. Katika Seoul mwaka wa 1988, David Berkoff wa Marekani na Daichi Suzuki wa Japani waliogelea mgongo metre 100, na katika urefu wa kwanza wa pisini walikaa chini ya maji zaidi ya nusu ya njia. Suzuki akashinda. Kisha wakubwa wa mchezo wakaweka mpaka: kwanza metre 10, halafu 15. Walitaka kuogelea kubaki kuogelea. Tena, mtu anayeshindana kuzuia pumzi chini ya maji anaweza kuzimia bila kupiga kelele, na wenzake wasijue.

3. Kugusa ukuta. Katika mtindo wa chura na wa kipepeo, mikono miwili inagusa ukuta pamoja, wakati wa kugeuka na wakati wa kumaliza. Mkono mmoja tu, ametolewa. Katika mbio za kupokezana, anayengoja hapana kutoa miguu juu ya kibao mpaka mwenzake amegusa.

4. Kuruka. Kuruka majini toka juu ya ubao ni mchezo wake peke yake. Katika vyuo vikuu wanatumia mbao za metre 1 na metre 3, na pengine jukwaa la juu zaidi. Kila mwamuzi anatoa alama toka 0 mpaka 10. Waamuzi wakiwa 5, alama ya juu na ya chini zinaondolewa, tatu zinazobaki zinajumlishwa, kisha zinazidishwa kwa kipimo cha ugumu. Mfano: 6,5 – 7 – 7 – 7,5 – 8. Tunaondoa 6,5 na 8; inabaki 21,5. Kama ugumu ni 2,0, mrukaji anapata 43. Hivyo mwamuzi mmoja mwenye upendeleo hawezi kuharibu kazi ya mtu.

5. Kina cha maji. Hii ndiyo sheria nataka mshike kuliko zote. Katika sheria za dunia, mahali pa kuanzia mbio juu ya kibao panatakiwa kina cha metre 1,35 kwa uchache. Chini ya ubao wa metre 3, kina ni 3,70. Chini ya jukwaa la metre 10, ni 4,50. Kina kinapimwa kwanza, mtu anaruka nyuma.

Wengine watasema: «Sheria hizi ni za wenye pisini. Siye tuko na mto tu.» Ni kweli, na ndiyo sababu zinatuhusu zaidi. Pisini iko na maji meupe, na sakafu inaonekana. Tshopo na mto Kongo maji yake ni ya giza, mawe yamejificha, nguvu ya maji inabadilika kila majira. Mahali palipokuwa na kina mwaka jana, leo pengine ni jiwe au mchanga. Anayetanguliza kichwa hapo anaweza kuvunja shingo na kulala maisha yake yote.

Tena tunajua habari za mitumbwi na baleniere zinazozama. Shirika la Afya Duniani linahesabu watu karibu 300.000 waliokufa majini duniani kote katika mwaka wa 2021 peke yake. Wasomaji wa Biblia watakumbuka Matendo 27: meli ya Paulo ilipovunjika, wenye kujua kuogelea waliamriwa kutangulia. Kujua kuogelea hakukuwa mchezo siku ile.

Basi, kwa mwaka huu:

a) Hapana kuogelea peke yako. Mmoja abaki kando, anatazama, anahesabu.
b) Hapana kutanguliza kichwa mahali hapakupimwa kwa mti mrefu leo hii.
c) Hapana mashindano ya kuzuia pumzi.
d) Mwenzako akizama, mtupie kamba au bidoni tupu iliyofungwa vizuri. Usimrukie, atakushika, mtazama wote.
e) Anayejua amfundishe asiyejua, mahali maji yanafika kiunoni, mbali na maporomoko, mkubwa akiwapo. Na wasichana vile vile. Wao pia wanapanda mtumbwi.

Paulo aliandika kwa Timoteo, katika barua ya pili, kwamba taji la mshindani linatoka katika kushika sheria. Kwenye mto wetu taji hilo ni kurudi nyumbani mzima.